Kamusi ya Baba na Funguo za Watu

Jumatano, 28 Mei

Mitihani ya fizikia, kidato cha tatu. Nimesahihisha rundo moja, limebaki jingine, sijalihesabu makusudi. Mmoja ameandika kwamba umeme unapita kwenye waya kwa sababu umelipiwa. Nimempa nusu alama kwa kunichekesha.

Baridi ya Mbeya, hapa Iyunga, imeniingia kwenye magoti. Chai ya tangawizi, blanketi, kompyuta. Mashine ikaniambia kuna masasisho, ikauliza: sasa au baadaye? Nikasema baadaye. Ikanyamaza. Hiyo ndiyo sababu yangu, mtu akiniuliza. Inauliza, halafu inanyamaza.

Na leo mtu ameniuliza. Madam Tusa wa jiografia, meza ya pili kutoka kwangu. Laptop yake ilijizima akiwa katikati ya kuingiza alama, ikakaa inajisasisha mpaka kengele ya chakula, na kifurushi chake cha intaneti kikaliwa chote. Akanigeukia kwa hasira kana kwamba niliitengeneza mimi. "Hebu Madam, hiyo Linux yako ina nini hasa? Maana wewe hatujawahi kukusikia unalia." Nimechoka kuhubiri. Miaka kumi nahubiri kwenye ofisi ile, sijabatiza hata mmoja. Nikamwambia kwa kifupi: mfumo wa kompyuta yangu ni huria, umeandikwa na watu wengi, umeachwa wazi, hauna mwenyewe. Akasema kitu kisicho na mwenyewe ndicho kinachoibwa. Ofisi nzima ikacheka. Nami nikacheka, ya nini kununa.

Sababu ya kweli sikumwambia. Sababu ya kweli ni baba. Nikiwa darasa la nne alifungua redio yetu mezani, skrubu moja moja, akaniita nitazame nyaya zake. Akasema kitu usichoweza kukifungua si chako, umeazimwa tu. Nilimwamini. Bado namwamini.

Ijumaa, 30 Mei

Kaka amepiga wakati nafunga kabati la ofisi. Festo hapigi simu bila shida. Ana duka la vifaa vya ujenzi Iringa mjini na anaongea nami kama anavyoongea na wateja wanaotaka kupunguziwa.

Laptop ya baba imegoma. Tangu juzi. Ilijisasisha yenyewe, ikazima, ilipowaka ikaandika kwamba diski imefungwa na inadai namba. Festo akanisomea maelezo. Namba inayotakiwa ni ndefu kuliko mara mbili ya namba za umeme wa luku. Baba hana namba hiyo. Festo hana. Hawakujua hata kwamba diski ilikuwa imefungwa.

Nikamuuliza akaunti ya mashine ilifunguliwa na nani. Akasema: "Si fundi pale dukani niliponunua."

Nilijua. Ndivyo tunavyofanya sote. Mtu ananunua kompyuta, anaulizwa barua pepe, hana au ameisahau, nyuma yake kuna wateja wengine, basi fundi anaweka ya kwake maisha yaendelee. Mashine inafunga diski bila kumwambia mtu na kupeleka ufunguo kwenye akaunti. Akaunti ya fundi. Mwenye nyumba analala ndani, ufunguo uko kwa dalali.

Ndani kuna kamusi ya Kihehe. Miaka sita ya baba. Alikuwa amefika V.

Jumamosi, 31 Mei

Niliandike hili hapa, kwa kuwa hakuna mwingine wa kumwambia.

Ninayo nakala, inaishia M. Baba alianza kuandika kwenye mashine kuukuu niliyompelekea mwenyewe, yenye mfumo huria, na kila nilipokwenda Kilolo kwa wazazi nilichukua nakala. Halafu Krismasi ya mwaka juzi Festo akamletea laptop mpya, nyembamba, inang'aa, na baba akahamia huko bila kuniambia neno. Niliikuta ya kwangu imefungwa kwenye kiroba chini ya kitanda. Nilikasirika. Nikajisemea: sasa ni ya Festo, aitunze Festo. Tangu siku hiyo sikuchukua nakala hata moja.

Herufi N mpaka V. Zimepotea kwa sababu nilinuna.

Jicho la kushoto la baba halioni tena. Presha ya macho. La kulia daktari anasema linapungua, hatamki lini. Miaka sita hatuna.

Jumanne, 3 Juni

Namba ya fundi haipatikani. Festo ameuliza majirani wa lile duka. Fundi anaitwa Jofrei, alifunga biashara mwaka jana, akaenda kulima vitunguu Ruaha Mbuyuni.

Vitunguu. Nimecheka peke yangu ofisini. Tusa akauliza kuna nini, nikamwambia ni uchovu. Akaniletea maandazi mawili. Mtu mwema, pamoja na hiyo mashine yake.

Alama zote nimeingiza. Shule inafungwa Alhamisi.

Ijumaa, 6 Juni

Nimefika Iringa kwa Festo saa tisa mchana. Wifi yangu amepika wali na maharage, tumekula, hatukugusa habari yenyewe mpaka vyombo vikaondolewa.

Nikasema niliyotaka kusema. Kwamba nilimwonya. Kwamba kampuni ikiwa na ufunguo na wewe huna, wewe ni mgeni kwenye mashine uliyoilipia. Kwamba miaka yote wananicheka. Nilisema mengi, kwa sauti ya darasani. Festo alisikiliza huku anakunja na kukunjua kitambaa cha meza. Mwishoni akasema: "Nilimnunulia baba zawadi, Neema. Hilo tu ndilo nililofanya."

Kuwa upande wa haki kunachosha. Hakuna anayekushukuru, na mwenyewe hujipendi.

Jumamosi, 7 Juni

Ruaha Mbuyuni. Festo alinishusha kwa pikapu yake. Tulitoka Iringa na masweta, tukayavua njiani. Kule chini joto, vumbi, nyanya kwenye matenga, vitunguu kando ya barabara.

Jofrei tulimkuta shambani, suruali imekunjwa magotini, anaelekeza maji kwenye matuta. Nilikuja nimejiandaa kumchukia. Haikuwezekana. Alinawa mikono, akatuketisha kivulini, akasikiliza mpaka mwisho, akasema samahani mara nne. Kompyuta zilimchosha, anasema. "Kitunguu hakikuulizi paswedi, dada."

Ile akaunti aliwafungulia wateja wake wote. Hajui ni wangapi. Funguo zao zote ziko humo, hajawahi kuziangalia. Akajaribu kuingia kwa simu yake. Akaunti ikasema itatuma namba sita kwenye simu ya mwenye akaunti, kuhakikisha ni yeye. Na ile laini Jofrei aliipoteza alipohamia huku. Hakuirudisha.

Laini ikapewa mtu mwingine. Inaita. Akapokea mama mmoja, sauti ya mtu mzima, nyuma yake kuku wanalia. Niliongea mimi, nikidhani mwanamke atanisikiliza zaidi. Shikamoo mama, samahani kwa usumbufu, sasa hivi kuna namba sita zimeingia kwenye simu yako, naomba unisomee.

Akanijibu: "Na sauti nzuri hivyo! Si mkalime? Kalimeni!" Akakata.

Tuko katikati ya shamba la vitunguu. Festo akaanza kucheka, Jofrei akafuata, mimi nikashindwa kujizuia.

Nilipopiga tena hakupokea. Festo akapiga, akatukanwa. Akaunti ikachoka kutuma namba, ikajifunga. Jofrei alipojaribu njia nyingine ya kuthibitisha, ikamwuliza barua pepe ya akiba aliyoandika zamani. Haikumbuki.

Simlaumu yule mama. Kila muhula nawaambia wanafunzi wangu: akipiga mtu usiyemjua akitaka umsomee namba zilizoingia, kata simu. Amefanya ninavyofundisha. Alama zote kumi.

Jofrei ametupatia debe la vitunguu. Ameahidi kuendelea kujaribu. Sina imani.

Jumapili, 8 Juni

Kilolo. Ukungu mpaka mlangoni. Nilifika wametoka kanisani, baba na koti lake la ibada, mama ameshika mkono wake wa kushoto, upande usioona. Tukaamkiana kwa Kihehe: kamwene, kamwene. Wakauliza habari za Mbeya, za shule, za Festo, za barabara. Mambo yote mpaka yakaisha, likabaki moja.

Nikamweleza baba. Sikuzunguka. Akauliza nimebaki na herufi zipi. Nikasema A mpaka M. Akatikisa kichwa kama mwalimu anayepokea matokeo aliyoyatarajia.

Nikauliza daftari zile za mwanzo ziko wapi, kwa kuwa kila neno aliliandika kwanza kwa kalamu. Mama akaangalia jikoni. Kila herufi iliyokwisha kuingia kwenye mashine, karatasi zake ziliwashia moto wa asubuhi. Baba mwenyewe ndiye aliyekuwa anazichana na kumpa. Kwa baridi hii nani atunze karatasi iliyokwisha kazi.

Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tumekula ugali na mboga ya maboga. Baba ameacha nusu.

Jumatatu, 9 Juni

Siku mbaya. Naiandika polepole.

Asubuhi nilitoa mashine kuukuu kwenye kiroba. Nikafuta vumbi, nikaiwasha. Ikawaka. Ilikuwa kuukuu hata nilipoileta, imelala chini ya kitanda, na ikawaka kana kwamba iliwekwa jana. Nilifurahi mno, kwa sauti. Nikamwambia baba: unaona? Hii haikuuzi kwa mtu. Haina mwenyewe. Usingeiacha, leo tusingekuwa hapa.

Baba alikuwa anaota jua mlangoni, jua lenyewe la kuomba. Hakugeuka. Akaniuliza kama namkumbuka Mzee Lukas.

Namkumbuka. Rafiki yake wa utotoni, fundi wa mizinga ya nyuki. Maneno yote ya nyuki kwenye kamusi, ya mwitu, ya mitego, yalitoka kwake. Alifariki Desemba ya mwaka juzi. Sikuhudhuria msiba. Nilikuwa kwenye usahihishaji wa mitihani ya taifa, simu imezimwa.

Baba akasema mwezi ule Mzee Lukas alikuwa kitandani, na aliomba aone maneno yake kwenye karatasi. Aone tu yalivyokaa. Baba akaazima printa ya usharika kanisani, akaileta hapa kwa bodaboda imefungwa kwenye shuka. Akaiunganisha na mashine yangu. Mashine ikamwuliza neno la siri.

Neno la siri nililiweka mimi. Kuandika, aliandika bila shida. Lakini kuongeza chochote, printa, programu, hata kurekebisha saa, lazima neno. Nililiweka asije akaharibu. Sikuwahi kumwambia. Nilikuwa nimemzoesha kwamba akikwama anipigie.

Akanipigia. Siku nne. Simu imezimwa.

Siku ya tano Mzee Lukas akafa.

"Ulisema mfumo huu hauna mwenyewe," baba akasema. "Kwangu ulikuwa na mwenyewe. Anakaa Mbeya."

Hakusema kwa ukali. Afadhali angesema kwa ukali. Krismasi Festo akaja na laptop, na printa ikakubali bila kuuliza, basi akahamia. Hakuniambia kwa sababu hakutaka niumie.

Nilitoka nikaenda mpaka kwenye shamba la viazi. Nililia, kwa aibu zaidi kuliko huzuni. Mama alinifuata na shuka lake, akanifunika mabegani, akarudi zake ndani.

Jumanne, 10 Juni

Sina la kuandika. Nimepasua kuni.

Hapana, ninalo. Ijumaa nilimsomea Festo mashtaka ya mgeni kwenye mashine aliyoilipia. Nilikuwa najisoma mwenyewe. Kampuni haimjui baba. Fundi hakumjua. Mimi namjua, ni mwalimu aliyefungua redio ili mtoto wa darasa la nne aone ndani, na nikamfungia kama mtoto. Nikaita uhuru.

Nimempigia Festo nikamwomba radhi. Akauliza kama naumwa.

Alhamisi, 12 Juni

Juzi jioni na jana niliisafisha mashine kuukuu. Nikaweka mfumo upya, herufi kubwa, nikaingiza A mpaka M. Leo asubuhi nikaleta kiti, nikamwomba baba akae yeye.

Nilimweleza kila kitu tangu mwanzo. Mafaili yanakaa wapi. Nakala inachukuliwaje, flashi mbili, moja hapa, moja kwa mama sandukuni pamoja na khanga zake za misiba. Mashine inapouliza, inauliza nini na kwa nini. Aliandika kwenye daftari, mistari mikubwa, akinirudisha nyuma kila niliporuka. Alinisumbua kama mimi ninavyowasumbua kidato cha tatu. Saa mbili nzima. Nilichoka, yeye hakuchoka.

Kisha tukafika kwenye neno la siri. Nikamwambia sasa ni lake, achague.

Akaniambia nigeuke.

Nikageukia dirishani. Ukungu ulikuwa umepanda, miti ya misindano inaonekana mpaka bondeni. Nyuma yangu kidole kimoja kinabonyeza, kinatafuta, kinabonyeza. Mashine ikataka arudie. Akakosea. Akaanza tena. Nilitaka kusema "subiri nikusaidie" mara tatu. Nikashika kizingiti cha dirisha.

Ikakubali.

Akamwita mama, akamnong'oneza. Kihehe, na chini chini. Mama akacheka mpaka akakaa kwenye kigoda, akamwambia baba hana adabu, neno hilo si la kutajwa mbele ya watoto. Nina miaka arobaini na tatu. Sikuambiwa, na sikuuliza.

Laptop ya Festo, baba amekataza nisiifute. Iko kabatini. Huenda yule mama wa kuku siku moja akapokea simu, anasema. Baada ya chai akafungua ukurasa mpya, akaandika N. Neno la kwanza lililomjia ni nyalukolo. Ndugu. Akaanza kueleza maana yake, akasimama, akafuta, akaeleza upya.

Jumapili, 15 Juni

Nimerudi Iyunga. Nyumba baridi, vumbi juu ya meza. Vitunguu vya Jofrei nimegawana na majirani.

Jumapili, 22 Juni

Nimefua. Nimeandaa masomo ya wiki mbili za mwanzo, mambo ya saketi. Madam Tusa amepiga kutoka kwao Tukuyu, anataka nimwekee Linux shule zikifunguliwa. Nimemwambia sawa, ila aje na daftari na akae yeye kwenye kiti. Akasema kumbe ni shida hivyo. Nikamwambia ndiyo.

Wiki nzima baba hakupiga. Nilijizuia kupiga mimi. Nilijiambia amekwama na anaona haya. Nilijiambia jicho. Jioni hii simu ikaita, jina lake. Nikawahi kuwasha kompyuta kabla ya kupokea, nifungue kurasa zile zile, nimwelekeze hatua kwa hatua.

Akanisalimu. Akauliza kama kwetu nako baridi. Akasema mjane wa Mzee Lukas amekuja siku mbili mfululizo na amemletea maneno mengi ya nyuki, mengine hata marehemu hakuwahi kumpa. Akasema ameazima tena ile printa, akamchapishia kurasa nne, naye mjane akaondoka nazo kwenye kapu.

Nikauliza kama mashine ilikubali. Akasema iliuliza, akaijibu.

Akasema niwasalimie walimu wenzangu. Akakata. Kompyuta ilikuwa imeshawaka mbele yangu, inasubiri. Nimeizima.